Figo Haijambo, Mgonjwa Ni Mimi

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima wa mwili, na hilo neno "mwili" ndilo lililonifanya nishindwe kujibu barua zako mbili.

Uliuliza figo inaendeleaje. Inaendelea vizuri mno. Kreatinini, ule uchafu wa damu unaoonyesha figo inavyofanya kazi, imetulia, mashine ya kusafisha damu nimeiaga, na daktari anatabasamu. Asiyetabasamu ni mimi. Ni miezi kumi sasa tangu nipandikizwe, nami huamka saa nane usiku nikaikodolea macho dari, bila hamu ya chakula wala ya mtu. Nilidhani ni prednisoloni, mojawapo ya dawa zangu za kuzuia mwili usiikatae figo, kwa kuwa kweli huvuruga usingizi na hisia, lakini dozi imepunguzwa na huzuni ipo palepale.

Kinachonielemea ni kwamba figo hii ni ya Juma. Mdogo wangu alikubali kupasuliwa akiwa mzima kwa ajili yangu, na kila Jumapili hupiga simu kuuliza, "Inafanya kazi?" Nitamwambiaje kwamba nalia? Humjibu kuwa nina furaha, kisha nikajifunika shuka.

Lipo jambo ambalo hata yeye halijui. Mwezi uliopita niliacha vidonge vya jioni vya takrolimasi, dawa nyingine ya kuzuia mwili usiikatae figo, mara nne. Sikusahau, kengele ya simu ililia, nikaizima, nikakaa navyo kiganjani (mkono wenyewe unatetemeka kwa sababu ya dawa hiyohiyo), kisha nikavirudisha koponi. Kipimo cha damu kiliponiumbua, muuguzi aliniuliza, nami nikadanganya. Salome naye, unamjua, aliniletea vidonge vya mmea wa haiperikamu eti vya kuondoa huzuni. Bahati niliuliza kwanza, maana hulifanya ini liivunje takrolimasi upesi, na mwili ungeweza kuikataa figo. Ningerudi kwenye mashine nikichekelea!

Juzi nilimweleza daktari ukweli wote. Hakunigombeza. Alisema ni sonona, kwamba huwapata wengi waliopandikizwa viungo, na kwamba atanichagulia dawa isiyogongana na zile za figo. Alhamisi ijayo nitaonana na mshauri nasaha, ambaye ameomba nije na mtu.

Je, utaweza kunisindikiza? Na Juma nimwambie sasa au baadaye? Wewe mwaka ule ulipoacha kazi, ulimwambia nani kwanza, nawe ulianzaje?

Rafiki yako,
Zainabu