Uwanja wa Uhuru uandikiwe historia yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa viwanja vyetu kuelekea Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027, ambazo Tanzania itaziandaa pamoja na Kenya na Uganda. Macho yote yako kwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa 2007 na unaochukua watu wapatao 60,000. Jirani yake, Uwanja wa Uhuru, hutajwa kwa kupita tu, kama mchezaji wa akiba.

Hapo ndipo bendera ya Tanganyika ilipopandishwa usiku wa manane kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Hapo wananchi walimuaga Mwalimu Nyerere mwaka 1999, na hapo Rais Magufuli aliapishwa 2015. Machi 2021, wakati wa kumuaga, watu 45 walipoteza maisha katika msongamano. Kijana anayekwenda Shamba la Bibi (jina ambalo sisi wazee wa Temeke hatutaliacha) kutazama mpira anapaswa kukuta simulizi hiyo pale pale, si kuitafuta kwenye simu.

Naishauri wizara yenye dhamana ya michezo iweke kibao cha maelezo kwenye lango kuu, chumba kimoja cha picha chini ya jukwaa, na kumbukumbu ya wale 45. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya kubadilisha nyasi. Wanafunzi waingie bure siku zisizo na mechi.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam