Barua kwa mwanangu: wengi walikataa, jeshi likabaki

Mwanangu,

Nimeona meseji yako ya usiku, eti kama Wamarekani wengi walishachoka na vita vya Iraq mbona jeshi lao lilikaa kule karibu miaka tisa. Nimeshindwa kukujibu kwa meseji mama, ndo maana nakuandikia.

Ujue walianza wakiwa wanaitaka. Machi 2003 wanaingia, Gallup, wale wapima maoni ya watu, ikauliza, watu kama 7 kwa kila 10 wakasema sawa. Mei mosi rais wao, Bush, akatua kwenye manowari kavaa kirubani, baadaye akahutubia na bango nyuma yake eti kazi imekamilika, mi nipo kwenye tivii nikasema haya, hao wanarudi kwao. Wapi! Zile silaha za maangamizi walizodai Iraq inazo hazikuonekana, maiti zikazidi, Novemba 2006 wananchi wakakipiga chini chama cha Bush Bunge na Seneti, kesho yake waziri wake wa ulinzi, Rumsfeld, akatangazwa anaondoka, ukajua sasa wanafungasha. Januari 2007 Bush akatangaza anaongeza askari zaidi ya 20,000!

Ila siwezi kusahau Machi 2008, Cheney, makamu wa Bush, anahojiwa, mwandishi anamwambia theluthi mbili ya Wamarekani wanasema vita hivi havina maana, mzee akajibu, "Kwa hiyo?" Basi. Wala hakupandisha sauti.

Nilimwona jeuri, na jeuri alikuwa nayo, lakini hesabu zake alizijua. Kule hakuna kuitwa jeshini kwa lazima tangu 1973, na mwaka huohuo wa kuvamia kodi ilipunguzwa, vita vikaendeshwa kwa mkopo. Sasa mtu anapigiwa simu anaulizwa maoni, anasema sitaki, anakata anaendelea na mambo yake, na ukimwuliza je watoke kesho anaanza kusita. Aliyeshindwa kuendelea na mambo yake ni kama Cindy Sheehan, mwanae aliuawa kule 2004, Agosti 2005 akapiga kambi kando ya barabara karibu na shamba la Bush huko Crawford, anataka aambiwe mwanangu kafia nini. Bush hakutoka. (Na Wairaki, wenye nchi yao, kabla ya kuvamiwa nani aliwapigia simu?)

Waliondoka Desemba 2011, tarehe iliyowekwa kwenye mkataba wa 2008 kati ya serikali ya Bush huyohuyo na serikali ya Iraq, maana Baghdad ilikomaa ikitaka tarehe iandikwe. Theluthi mbili walishasema siku nyingi.

Ukitulia nipigie tubishane.

Baba yako