Filamu za watunzi wa nyimbo: uongo mdogo umelaumiwa, mkubwa umeachwa upite

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nijibu makala iliyotoka wiki mbili zilizopita katika ukurasa wa filamu, ambamo mwandishi wako alizihukumu kwa mkupuo mmoja filamu zote za muziki ambazo Hollywood ilitengeneza, tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, kuhusu maisha ya watunzi wa nyimbo wa Marekani. Alisema kwamba filamu hizo ni uongo mtupu, kwamba wake wa watunzi ni wa kubuni na aibu zao zimefichwa, na kwamba mtu wa leo hapotezi kitu akiziacha. Mimi nimezitazama kwa zaidi ya miaka thelathini, nyingine mara nyingi kuliko ninavyothubutu kukiri mbele ya watu wa nyumbani kwangu, na sina nia ya kumkanusha kuhusu uongo huo. Upo, tena mwingi kuliko alioutaja. Ninachokipinga ni kwamba ameukamata uongo mdogo akauachia mkubwa upite, na kwa hasira zake akamwaga mchele pamoja na chuya.

Nianze na ule mdogo, nisije nikadhaniwa kuwa mtetezi wa kila kitu. Yankee Doodle Dandy ya mwaka 1942, iliyompatia James Cagney tuzo ya Oscar, inamwonyesha mtunzi George M. Cohan akiwa na mke mmoja mpole aitwaye Mary. Cohan halisi alioa mara mbili, na Mary lilikuwa jina la kati tu la mke wake wa pili, Agnes Nolan. Mke wa kwanza, Ethel Levey, alikuwa mwimbaji na mwigizaji aliyepanda jukwaani pamoja na Cohan na familia yake, lakini filamu haimtaji kabisa. Bibi huyo aliishtaki kampuni ya Warner akidai kwamba maisha yake yametumiwa bila idhini yake, na mwaka 1944 mahakama huko New York ikamnyima haki aliyoidai, kwa sababu Mary wa kwenye filamu alikuwa mhusika wa kubuni ambaye watazamaji wasingemtambua kuwa ni yeye. Kwa maneno mengine, kampuni ilishinda kesi kwa kuwa ilidanganya vizuri. Sijui kama katika historia ya filamu kuna hukumu inayochekesha na kusikitisha kwa wakati mmoja kuliko hiyo.

Kuhusu mtunzi Cole Porter na mwandishi wa maneno ya nyimbo Lorenz Hart, mwandishi wako yuko sahihi, ingawa aliandika kana kwamba studio zilikuwa na hiari. Wote wawili walikuwa wanaume waliowapenda wanaume wenzao, na kanuni za maadili ambazo Hollywood ilianza kuzisimamia kwa ukali kuanzia mwaka 1934 hazikuruhusu jambo hilo hata lidokezwe. Hivyo katika Night and Day ya mwaka 1946, Cary Grant anamcheza Porter kama mume ambaye kosa lake pekee ni kuipenda kazi kuliko nyumba, tena anajeruhiwa vitani nchini Ufaransa, jeraha ambalo Porter hakulipata kamwe. Katika Words and Music ya mwaka 1948, huzuni ya Hart, aliyefariki mwaka 1943 baada ya miaka mingi ya kuzama katika ulevi, imepewa sababu moja tu, nayo ni ufupi wa kimo chake uliowafanya wanawake wamkatae. Mickey Rooney anajitahidi sana katika nafasi hiyo, lakini amepewa ugonjwa usio wake.

Ipo pia sababu ya fedha, ambayo makala haikuigusa. Mwaka 1929, filamu za sauti zilipokuwa bado changa, kampuni ya Warner ilinunua nyumba kubwa za uchapishaji wa nyimbo, zikiwamo Witmark na Harms, na MGM nayo haikukawia kujipatia nyumba yake. Tangu hapo studio zilikuwa zimekalia ghala la nyimbo ambazo watu walikwisha kuzipenda, na filamu ya maisha ya mtunzi ikawa njia nzuri ya kuzitoa ghalani ishirini kwa mara moja. Mtunzi mwenyewe, kama alikuwa hai, ilibidi aridhie, na kama alikuwa amefariki, jamaa zake waliridhia kwa niaba yake. Filamu ikitengenezwa kwa masharti ya namna hiyo haiwezi kuwa wasifu, na hata aliyevishwa kilemba cha ukoka hujua kwamba ni cha ukoka. Irving Berlin, ambaye nyimbo zake zilijaa katika filamu nyingi na aliyeishi hadi umri wa miaka 101, aliuza nyimbo lakini hakuruhusu maisha yake yaigizwe, na nadhani aliwaelewa wafanyabiashara hao kuliko wenzake wote.

Sasa nije kwenye uongo mkubwa, ambao si wa ndoa wala wa faragha ya mtu, bali unahusu jinsi wimbo unavyozaliwa. Katika filamu ya Porter kuna mahali ambapo mtunzi ameketi mbele ya piano, saa inagonga taratibu, nje mvua inadondoka, naye anasikiliza, anabofya kitufe kimoja mara kadhaa, uso unamwangaza, na wimbo wa Night and Day unajitokeza wote kamili kama mtu aliyekuwa amejificha nyuma ya pazia. Mtazamaji anaondoka akiamini kwamba mtunzi ni mtu anayekaa karibu na dirisha akisubiri mvua. Ukweli ni kwamba wimbo huo ulitungwa kwa ajili ya tamthilia ya muziki iliyoonyeshwa Broadway, mtaa wa kumbi za tamthilia mjini New York, mwaka 1932, na mwimbaji wake alikuwa Fred Astaire, mtu mwenye miguu ya ajabu na sauti ndogo, hivyo Porter alilazimika kuitunga lahani akiupima uwezo wa koo hilo. Ile noti moja inayorudiwarudiwa mwanzoni mwa wimbo ni ya fundi anayemjua mteja wake. Mimi naona hadithi hiyo ni tamu kuliko ya mvua, lakini haikuingia katika filamu.

Kosa hilohilo linarudi karibu katika kila filamu ya aina hii. Mtu akipenda, wimbo wa mapenzi unatoka, na akiachwa, unatoka wa majonzi, kana kwamba watunzi hao waliandika shajara. Hao walikuwa watu wa kazi! George Gershwin aliacha shule akiwa na miaka 15, mwaka 1914, akaajiriwa na nyumba ya uchapishaji ya Remick mjini New York kwa dola 15 kwa wiki, na kazi yake ilikuwa kukaa katika kichumba chenye piano kutwa nzima akiwapigia waimbaji nyimbo za watu wengine ili wazinunue. Richard Rodgers na Hart walifanya kazi kwa utaratibu uliojulikana: Rodgers aliandika muziki kwanza, kisha akahangaika kumtafuta mwenzake aliyezoea kutoweka, na Hart akipatikana aliandika maneno kwa kasi ya kutisha, na mara nyingi hakutaka kuyarudia. Rodgers huyohuyo alipokuja kushirikiana na Oscar Hammerstein, utaratibu ukageuka, maneno yakatangulia na muziki ukafuata, na ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba hata umbo la nyimbo zake lilibadilika. Hapo ndipo ilipo tamthilia halisi, yaani wawili wakiwa chumbani, mmoja na lahani isiyo na maneno na mwingine na kichwa kizito cha asubuhi, lakini Words and Music inapita mbio mahali hapo ili iwahi kwenye karamu.

Kwa haki, iko filamu moja iliyokaribia. Three Little Words ya mwaka 1950, kuhusu Bert Kalmar na Harry Ruby, haina fahari kama nyingine, na watunzi wenyewe hawakuwa na jina kubwa kama la Porter au Gershwin. Fred Astaire ndiye Kalmar na Red Skelton ndiye Ruby. Katika filamu hiyo Ruby ana lahani moja anayoipenda, anaipiga kila apatapo nafasi, na kila mara Kalmar hana maneno ya kuifaa au hataki hata kuisikiliza. Wanagombana, wanatengana, miaka inapita, na lahani ile inaendelea kuzurura bila maneno hadi mwisho. Sidai kwamba mambo yalikwenda hivyo katika maisha yao, lakini mtu yeyote aliyewahi kutunga pamoja na mwenzake, hata kama ni shairi la harusi, anaijua hali hiyo ya kitu kizuri kinachokosa nusu yake. Ni ajabu kwamba filamu iliyodharauliwa kuwa nyepesi ndiyo iliyoiheshimu kazi kuliko zile zilizowaita watunzi magwiji.

Baada ya kusema hayo yote, mwandishi wako atauliza kwa nini basi naendelea kuzitazama. Jibu langu ni kwamba uongo umo katika maongezi, na wimbo unapoanza jambo jingine linatokea mbele ya kamera. Mtazame Cagney karibu na mwisho wa Yankee Doodle Dandy. Ametoka katika ofisi ya Rais Roosevelt, ni mzee, anashuka ngazi pana za Ikulu peke yake. Hatua za kwanza ni za mtu anayechunga magoti. Kisha mguu mmoja unagonga ngazi mara mbili, wa pili unajibu, na kabla hujajua kinachotokea anateremka akidansi, mgongo umenyooka, viatu vinaongea. Akifika barabarani anawakuta wanajeshi wakipita huku wakiimba Over There, wimbo alioutunga Cohan mwaka 1917, na askari mmoja kijana anamuuliza mzee huyo kama haukumbuki. Hakuna mke wa kubuni anayeweza kuiharibu dakika hiyo.

Au itazame Till the Clouds Roll By ya mwaka 1946, kuhusu Jerome Kern, aliyefariki Novemba 1945 kabla haijakamilika. Kama hadithi ni dhaifu, kwa sababu maisha ya Kern yalikuwa ya utulivu na studio ikalazimika kumbunia rafiki mzee wa kumliza. Lakini inafungua kwa vipande vya Show Boat, tamthilia ya muziki ya Kern, na ndani yake Lena Horne, mwimbaji mweusi, anaimba kama Julie, mwanamke mwenye asili ya Kiafrika anayepita kama mzungu. Miaka mitano baadaye MGM ilipoitengeneza Show Boat nzima, nafasi hiyo alipewa Ava Gardner, mzungu. Na filamu ileile ya Kern, iliyoanza na mwimbaji mweusi akiimba Ol' Man River, wimbo wa kibarua mweusi wa gatini, inamalizika na Frank Sinatra akiwa na suti nyeupe juu ya jukwaa jeupe, akiuimba wimbo huohuo kana kwamba jasho halimhusu. Ukitaka kuielewa Marekani ya miaka hiyo, uongo huo wa mavazi unaeleza mengi kuliko wasifu mnyoofu.

Mtunzi mweusi mmoja tu ndiye ninayemkumbuka aliyetengenezewa filamu ya namna hii na studio kubwa katika kipindi hicho, naye ni W. C. Handy, katika St. Louis Blues ya mwaka 1958, iliyotoka wiki chache tu baada ya kifo chake. Nat King Cole, anayemcheza Handy, hakuwa mwigizaji, na hilo linaonekana, lakini wamo Ella Fitzgerald, Mahalia Jackson, Eartha Kitt na Pearl Bailey. Duke Ellington na Fats Waller hawakupata hata hiyo. Dorothy Fields naye, ambaye maneno yake yaliimbwa na Marekani nzima, hakutengenezewa filamu, pengine kwa sababu hawakujua wambunie mke gani.

Namwomba basi mwandishi wako, kabla hajaifunga kabisa faili hii, aitafute Rhapsody in Blue ya mwaka 1945, kuhusu Gershwin, iliyopewa jina la kazi yake ya okestra. Avumilie wale wanawake wawili wa kubuni, na aruke maongezi yao akitaka. Atamkuta Oscar Levant, rafiki halisi wa marehemu, akijicheza mwenyewe, na Paul Whiteman akiiongoza okestra kama alivyoiongoza Februari 1924, siku kazi hiyo iliposikika kwa mara ya kwanza. Kisha atamwona Anne Brown, mwanamke aliyemcheza Bess wa kwanza kabisa katika Porgy and Bess, opera ya Gershwin, mwaka 1935, akiimba Summertime. Filamu ya Porgy and Bess ilipotengenezwa mwaka 1959, alikuwa amehamia Norway muda mrefu na nafasi ilikwenda kwa mwingine. Gershwin aliufanyia kazi muziki ule akiisikia sauti ya Anne Brown, na katika filamu hii inayomsingizia Gershwin mapenzi asiyoyajua, sauti hiyo imehifadhiwa, na uso wake pia.

Wako,
Mpenzi wa filamu za zamani