Nyavu haramu zifuatiliwe hadi dukani, zisiishie kuchomwa mwaloni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotuumiza sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Victoria. Kila vita dhidi ya uvuvi haramu vinapotangazwa, doria huteremka mwaloni, yaani mahali mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki, nyavu hukusanywa na kuchomwa moto, na kijana aliyekutwa nazo hufikishwa mahakamani. Lakini aliyeziingiza nchini, aliyeziuza na aliyemkopesha kijana huyo hawaguswi.

Sitetei uvuvi haramu hata kidogo. Operesheni Sangara ya mwaka 2018, msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu, niliiunga mkono, pamoja na machungu yake, kwa sababu nimeyaona kwa macho yangu madhara ya kokoro, wavu mrefu unaoburutwa hadi ufukweni. Sato dume huchimba kiota chake kwenye mchanga wa maji mafupi, na jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni mpaka waweze kujitegemea. Kokoro linapoburutwa hapo, viota husawazishwa kama shamba lililopitiwa na jembe, na vifaranga huishia kwenye matope ya ufukweni, ambako hata kunguru hawawamalizi. Timba nayo, wavu wa uzi mmoja wa plastiki, ni nyepesi, haionekani majini wala haiozi, kwa hiyo ikipotea huendelea kuua samaki ambao hakuna atakayewala. Vyote viwili vimepigwa marufuku, na sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, kwa kuwa wengi wa kimo hicho hawajazaa hata mara moja.

Hata hivyo, miezi michache iliyopita nilikuwa kwenye mwalo mmoja siku nyavu zilipochomwa. Kijana aliyekuwa amesimama pembeni, macho yakimtoka machozi kwa moshi, aliniambia kwamba hakuna hata kipande kimoja kilichokuwa chake. Nyavu, injini na mafuta vyote vilikuwa vya tajiri, naye alikuwa akilipa deni kwa samaki, kwa bei ambayo tajiri mwenyewe ndiye aliyeipanga. Moto ulipozimika, deni lilibaki palepale. Majuma mawili baadaye nilipita kwenye gulio la jirani nikakuta timba mpya zimetundikwa mchana kweupe, karatasi za kiwandani zikiwa bado zimefungwa kwa uzi, na kijana yuleyule anachagua. Angefanya nini, ilhali hiyo ndiyo nyavu ya bei nafuu kuliko zote, na mkopeshaji ni yuleyule?

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni ya BMU, vikundi vya wanajamii vinavyosimamia uvuvi kwenye mialo. Naziheshimu BMU zetu, lakini wajumbe wake ni majirani, mashemeji na wakati mwingine wadeni wa watu wanaotakiwa kuwaripoti. Kumwachia mtu wa namna hiyo amkamate tajiri wa mwalo mzima ni kumtwisha mzigo usio wake. Mjumbe wa BMU hana uwezo wa kufungua ghala wala kukagua kontena.

Mamlaka zinazohusika zinao uwezo huo. Timba haifumwi ufukweni. Inatoka kiwandani, inapita mpakani au bandarini, inalazwa ghalani na kusafirishwa kwa gari kabla ya kugusa maji. Vivyo hivyo, sangara wachanga ambao viwanda vya minofu haviwapokei hukaushwa kwa chumvi wakawa kayabo, na marobota ya kayabo hayasafiri kwa siri ya mtu mmoja. Ziwa hili ni letu pamoja na Kenya na Uganda, na nchi hizi tatu zina Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria tangu mwaka 1994. Nyavu inayokatazwa upande mmoja isiachwe ivuke kutoka upande mwingine.

Ombi langu ni kwamba kila mvuvi anayekamatwa aulizwe, na jibu lake liandikwe katika jalada: nyavu hii umeinunua wapi, na kwa fedha ya nani? Kisha jibu hilo lifuatwe hadi dukani na ghalani, na mwenye mali asimame kizimbani pamoja na mvuvi wake, kwa kuwa Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 haikutungwa kwa ajili ya wenye mitumbwi peke yao.

Msomaji wako,
Ukerewe