Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu: shikamooni.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kuwa nasi leo, Juni 5. Huenda ulitarajia tukupeleke kwanza kwenye miche tuliyopanda. Miche ipo, utaiona. Sisi tunaomba uanzie jikoni.

Mgeni Rasmi, mwanzoni mwa mwaka kila mwanachama alipewa kazi ya kuandika nyumbani kwao gesijoto, yaani gesi zinazonasa joto la jua angani, inatoka wapi. Tulidhani tutaandika magari. Magari hatuna, tunapanda daladala. Karibu kila daftari lilirudi na neno moja: mkaa. Mkaa wa hapa Dar es Salaam unatoka mbali, Kilosa, Handeni, Rufiji, na katika tanuri la kienyeji kilo moja ya mkaa hula kilo kadhaa za miti.

Basi tukaanza na maharage. Tunayaloweka usiku kucha na kuyafunika yakiwa motoni, ili yaive upesi. Bibi wa mwenzetu mmoja aligoma, akasema maharage ya kulowekwa hayana ladha. Alilainika alipoona gunia la mkaa limevuka mwezi. Sasa anawafundisha majirani, na anadai wazo lilikuwa lake.

Taa na feni tunazima tukitoka darasani. Maganda na makombo tunayapeleka kwenye shimo la mboji tunaloligeuza kila Ijumaa, kwani yakifukiwa dampo bila hewa hutoa methani, gesijoto ambayo, kilo kwa kilo, kwa miaka 100 hunasa joto zaidi ya mara 25 kuliko hewa ukaa.

Changamoto yetu tunaisema kwa heshima. Serikali ilitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa tangu Januari 2024, na mkakati wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Jiko la shule yetu bado ni mafiga, na mama anayetupikia macho yake ni mekundu mwaka mzima. Tunaomba utusaidie kupata majiko ya gesi na mafunzo kwa wapishi.

Kabla ya hotuba yako, karibu uonje maharage. Yamelowekwa tangu jana saa moja jioni.

Tunaomba kuwasilisha.