Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Hali ya Miti Tunayoichuna Magome

Wazee wetu, waganga, wauzaji wa dawa za miti shamba na wanachama wote wa Malindi na vitongoji vyake,

Baada ya salamu, hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na mambo ya ada mmekwisha kuyasikia kwa katibu. Taarifa yangu itashughulikia jambo moja lililoichukulia kamati muda mwingi mwaka huu, nalo ni hali ya miti tunayoichuna sisi wenyewe. Malalamiko yaliyoletwa mbele yetu yalihusu zaidi miti iliyovuliwa gome mzingo mzima, mingi ikiwa kwenye mipaka ya mashamba, na karibu kila aliyeitwa kujieleza alijitetea kwamba mti aliouchuna bado una majani mabichi.

Utetezi huo unastahili kujibiwa sawasawa. Maji hupanda kutoka mizizini kwa njia ya mbao iliyo chini ya gome, lakini chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwa njia ya gome la ndani, lile lile tunalolitafuta kwa dawa. Mti uliochunwa pande zote huendelea kupandisha maji, kwa hiyo majani hubaki ya kijani kwa wiki nyingi, pengine kwa miezi, huku mizizi ikila akiba yake mpaka iishe. Unapokauka, mchunaji amekwisha kuuza gunia lake, na mwenye shamba hulaumu ukame.

Baina ya gome na mbao pana utando mwembamba, wenye utelezi, ambao kila aliyewahi kubandua gome wakati wa mvua ameugusa kwa kidole. Wataalamu huuita kambiamu, na ndio unaozaa gome jipya upande wa nje na mbao mpya upande wa ndani. Kisu kikipita kwa wepesi na uso wa kidonda usikaushwe na jua, chembe hai zilizosalia huweza kufanya gome jipya usoni pote. Panga likikwangua hadi mbao ngumu, tumaini pekee linabaki kwenye kingo, ambako mdomo mnene hujikunja polepole kuelekea katikati, na kidonda kipana huenda kisifunikwe kamwe.

Miti haifanani katika hili. Nchini Benin zilichunguzwa aina 12 za miti ya dawa baada ya kuchunwa, na ikaonekana kwamba baadhi hufunika kidonda vizuri, ilhali mingine haioti chochote na huingiwa na wadudu. Kwa sababu hiyo kamati ilikataa pendekezo la kuweka muda mmoja wa kupumzisha miti yote, nami nilikuwa miongoni mwa waliolipinga. Hapa kwetu kosa kubwa, kwa maoni yangu, limetokana na mbuyu. Mbuyu huvuliwa gome kwa ajili ya kamba, hata kuzungushwa wote, nao hujivika upya; vijana waliojifunza kazi kwenye mbuyu wamekwenda na mkono ule ule kwenye mkwaju, ambao hauna uwezo huo. Anayetaka kuona kinyume chake kabisa autazame mnazi wowote uliokatwa vidato vya wagema: mnazi hauna kambiamu ya namna hiyo, na vidato hivyo hubaki wazi muda wote wa uhai wake.

Kovu lililofunga nalo lisituhadae. Mtaalamu wa misitu wa Marekani, Alex Shigo, aliyepasua maelfu ya miti ili aangalie ndani, alionyesha kwamba mti hautengenezi upya mbao iliyoharibika. Huizungushia kizuizi na kuendelea kukua nje yake. Ndiyo maana mti wenye makovu mengi unaweza kuonekana mzima na huku ndani kuvu na mchwa wanaendelea na kazi yao.

Wazee wetu wamekuwa wakichuna upande wa mawio na upande wa machweo pekee, na wapo waliodhani ni mila tupu. Nchini Kamerun, kwa mti wa Prunus africana ambao gome lake hutumika Ulaya kwa maradhi ya tezi dume, mwongozo wa uchunaji nao ulitaka zichukuliwe pande mbili zinazoelekeana, kisha mti upumzishwe miaka kadhaa. Mwongozo haukufuatwa, miti mingi ikazungushwa, na mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ukasimamisha ununuzi kutoka huko, ingawa mti huo ulikuwa chini ya masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1995. Nalitaja hili kwa ajili ya wenzetu wanaouzia wanunuzi wa jumla wanaolipa kwa gunia.

Kamati imeamua yafuatayo, na tunaomba mkutano uyaidhinishe. Mwanachama atachuna ukanda wa wima usiozidi upana wa kiganja, kwa kisu kikali, bila kukwangua mbao, na hatarudi kwenye mti ule mpaka kingo zikutane. Wanaopaka tope kwenye kidonda waendelee, kwa kuwa ukavu ndio adui wa kwanza. Panapofaa dawa ya majani au ya matawi, shina liachwe. Mwarobaini, kwa mfano, huchipua upya ukipunguzwa, na hakuna sababu ya kuuvua gome chini. Msitu wa Arabuko-Sokoke hauingiwi kwa kazi hii bila kibali cha Huduma ya Misitu. Makaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, yaliyoandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, hayaguswi kabisa: amri ya wazee wa kaya ilikuwepo kabla ya orodha hiyo, nasi tunaifuata.

Kuhusu adhabu hatukuafikiana. Wapo waliotaka mzungushaji afukuzwe mara moja. Mimi napendelea apande na kutunza miche kwa mwenye shamba aliyemharibia, na jambo hilo litapigiwa kura leo baada ya hesabu. Wenye mashamba wanaohitaji miche ya mwarobaini na mkwaju wajiandikishe kwa katibu kabla ya masika.