Chuma chepesi chenye alumini kisipimwe kwa mizani peke yake

Mhariri,

Kila yanapozungumzwa mabasi ya umeme, yakiwemo ya Kayoola yanayoundwa na Kiira Motors hapa Jinja, Uganda, hoja ya uzito haikosekani, kwa kuwa betri ni nzito na kila kilo inayopunguzwa kwenye bodi ni nafuu. Simshangai, basi, anayesifu vyuma vyepesi vilivyochanganywa na alumini. Ninachopinga ni kuvisifu kwa wepesi tu.

Wepesi wenyewe ni wa kweli. Kila asilimia 1 ya alumini hupunguza msongamano wa chuma kwa takriban asilimia 1.3, hivyo aloi (mchanganyiko wa metali) yenye asilimia 10 ya alumini, pamoja na manganisi nyingi na kaboni kidogo, hushuka kutoka gramu 7.8 hadi karibu 6.8 kwa kila sentimita ya ujazo. Aloi hiyo inaweza kuhimili mvuto wa megapaskali 800 hadi 1,000 na bado ikarefuka kwa zaidi ya asilimia 30 kabla ya kukatika, jambo ambalo vyuma vingi vyenye nguvu hiyo havilimudu.

Hata hivyo, alumini hiyohiyo hupunguza ukakamavu, yaani uwezo wa chuma kukataa kupinda kinapobeba mzigo. Moduli, yaani kipimo cha ukakamavu huo, ya chuma cha kawaida ni gigapaskali 200 hadi 210; ya aloi hii huweza kushuka chini ya 180. Mhandisi akivutiwa na nguvu, akapunguza unene wa mabomba ya fremu, fremu haitavunjika, bali itanesa, na milango haitafunga sawasawa.

Jambo la pili, nalo naliona zito zaidi kwa mafundi wetu, ni joto. Nguvu ya vyuma hivi hutegemea sana chembe ndogo mno za kabidi ya kappa, ambayo ni muungano wa chuma, manganisi, alumini na kaboni. Chuma kikipozwa haraka kutoka nyuzi 1,000 hivi za Selsiasi, kisha kikapashwa tena kwenye nyuzi 550 kwa muda uliopimwa, chembe hizo hutawanyika ndani ya punje za chuma (fuwele ndogo zinazokiunda) na kukiimarisha. Kikipoa polepole, au kikakaa tanurini kupita kiasi, chembe hizo hujipanga mipakani mwa punje, na chuma huvunjika kama kigae. Fundi wa Katwe, mtaa wa mafundi jijini Kampala, anayechomelea fremu hupasha joto kandokando ya kiungo bila kulipima, na cheti cha kiwandani hakisemi lolote kuhusu kiungo hicho.

Kwa hiyo naomba UNBS, yaani shirika la viwango la Uganda, chuma cha aina hii kitakapoanza kuingizwa nchini, idai cheti kinachoonyesha moduli, kiwango cha kurefuka na joto kilichopitia, na idai pia kwamba sampuli ya kiungo kilichochomelewa ipimwe kwa kuvutwa na kupindwa kabla abiria hajapanda.

Mkufunzi wa ufundi vyuma,
Jinja